Msumeno na Safu ya Sita

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa Daisios
Ijumaa tunapigana na Waillyria, wale watu wa milimani. Mimi niko safu ya tano. Balaa! Safu tano za mbele ndizo zinazolaza mikuki na kuchomana. Kuanzia ya sita mikuki inaelekezwa juu, watu wanajadili chakula. Nyuma yangu tu, safu ya sita, yuko Teutamos. Mnene, ananuka vitunguu, na atafika uzeeni. Naitaka nafasi yake. Roho yangu bado naipenda.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata akili! Mkuki ukiwa mfupi, ncha yake haitokezi mbele ya wenzako. Hauna kazi. Asiye na kazi hupelekwa nyuma. Nimeazima msumeno kwa fundi wa mikokoteni, nikamwambia nakata kuni. Mkuki nimeukata nusu. Mwepesi, raha tupu!

Jumatano, tarehe 6
Gwaride. Kiongozi wa mstari wetu, Gorgatas, akaniuliza, we Derdas, mkuki umeliwa na panya? Nikasema ndiyo afande, panya wa huku wakubwa. Akakuna ndevu. Akasema kutoka safu ya tano mkuki huo haufiki popote, ila ya pili utafika vizuri tu. Njoo mgongoni kwangu, mwanangu!
Safu ya pili! Teutamos kacheka mpaka kitunguu kimempalia.

Alhamisi, tarehe 7
Kumbe dawa ni urefu. Mkuki mrefu mno lazima urudishwe nyuma. Mikuki yetu ni vipande viwili vinavyoungwa kwa bomba la chuma, basi Teutamos alipolala baada ya chakula, nikachukua vipande vyake vyote viwili na bomba lake, nikaunga na nusu yangu.
Amri ikatoka: laza! Nikalaza. Mti wote ukamwangukia Gorgatas kichwani. Kofia ya chuma ikazama hadi kidevuni. Watu wanne wamevuta, haitoki. Wanampaka mafuta ya zeituni na kumnywesha supu kwa unyasi.
Nikadhani nitafukuzwa. Wapi! Desturi yetu, wa mbele akianguka, wa nyuma yake anachukua nafasi. Kesho nasimama safu ya kwanza. Nimelia waziwazi.

Ijumaa, tarehe 8
Waillyria wakaja, mandevu, mashoka. Ilikuwa zamu yangu kuanzisha ukelele wa vita. Nikaita, "Mamaaa!" Kikosi kizima kikaitikia, "Mamaaa!" Waillyria wakasimama. Hawajawahi kusikia jeshi linaita mama huku limelaza mikuki. Wakatimua mbio!
Gorgatas kanikumbatia. Kutoka ndani ya kofia akasema hajapata kuona moyo kama wangu. Safu ya kwanza ni yangu moja kwa moja, na Jumapili tunawafuata milimani. Teutamos, muungwana wa uongo, akanipigia makofi.
Nimefadhaika sana. Lakini jioni hii nimekumbuka jambo: fundi hajaudai msumeno wake.
Naitazama ngao yangu. Mtu mwenye nusu ngao, nani atathubutu kumweka mbele?