Mparachichi Usiotaka Malezi

Lemara, Arusha.

Kwa Mama Ezra,
Akheri, Meru.

Mama mkwe mpendwa,

YAH: MASHITAKA DHIDI YA MPARACHICHI ULIOTUPATIA

Shikamoo Mama. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mti.

Nimeandika barua rasmi, kama tulivyofundishwa kabla sijaishia kidato cha pili, kwa sababu kwenye simu Mama huanza kucheka kabla sijafika kwenye hoja. Ezra ataileta Jumamosi. Nimemkataza kuisoma, kwa hiyo itakufikia ikiwa imesomwa.

Utakumbuka Elieza alipozaliwa ulishuka na mche huu kwenye kopo la rangi, ukauchimbia shimo mwenyewe hapa uani, ukasema, "Huu na mjukuu wangu watakua pamoja. Ukiona mmoja yuko vizuri, ujue na mwenzake yuko vizuri." Neno hilo nililipokea kwa moyo wote. Leo Elieza ana mwaka na miezi yake, bado anatambaa, na mparachichi haujapita goti langu. Nesi wa kliniki anasema wapo watoto wanaochelewa, nisiwe na haraka. Lakini nesi hajauona mti.

Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo:

1. Mti hauna shukrani. Bomba la hapa tunagawana wapangaji wote na maji yanakuja yakipenda, si kama kwenu ambako mfereji unapita nyuma ya jiko. Hata hivyo mti huu haujawahi kulala na kiu. Unaoga na Elieza asubuhi na jioni, maji yale yale ya vuguvugu, na sabuni yake ya mtoto. Hata mvua ikinyesha naumwagilia, maana mvua si yangu, nisije nikaonekana sijafanya kitu. Badala ya kushukuru, unageuka njano.

2. Unakataa chakula. Nilipouona unjano niliupa mtori wa ndizi. Ulinipikia mtori wewe mwenyewe nilipojifungua, nikanenepa mpaka Ezra akawa ananipita barabarani bila kunitambua. Mti niliuwekea bakuli zima shinani, na nyama. Waliofaidi ni siafu na paka wa jirani yangu Mama Anjela.

3. Hauoti nywele. Elieza tulimnyoa nywele za tumboni, wewe Mama ukiwa umemshika kichwa, ukaniambia zitoke zote ndipo zije nzito. Zikaja nzito. Nikaona nisiubague mti. Nikachukua mkasi nikaunyoa, nikaacha jani moja la juu kwa ajili ya heshima. Mama Anjela wa chumba cha pili alikuwa anapita na ndoo, akasimama. "Mama Elieza, huo ni mti au mwiko?" Nikaendelea kufagia majani. "Na umekukosea nini?" Nikamwambia huku tunalea kwa utaratibu wa Meru. Samahani Mama kwa kukuingiza.

4. Unamfundisha mtoto uvivu. Elieza anashinda amekaa mbele yake, wanatazamana. Mmoja hakui, mwingine hatembei, na sijui nani anamwiga nani. Kumkemea Elieza siwezi kwa sababu ana jina la baba mkwe. Siku niliyosema, "Elieza, simama, mvivu wewe," nilijiona nimemtukana mzee, nikakimbilia jikoni. Basi lawama zote zimebaki kwa mti.

5. Baridi ya Julai iliposhuka kutoka mlimani niliuvika sweta la Elieza alilovaa akiwa mchanga. Kwake halipiti hata mkono. Kwa mti lilipwaya likaanguka. Hapo nilikaa chini nikalia kidogo, Mama. Nimepewa wawili niwakuze pamoja, na mmoja naona namuua kwa mapenzi.

Kwa hayo, naomba uje uuchukue kabla sijaumaliza kabisa. Na lile neno uje ulifute kwa mdomo wako, useme mti ni mti na mtoto ni mtoto. Ukisema wewe nitaamini, nitalala.

Msalimie baba, wifi Sia, na yule ng'ombe ambaye maziwa yake yamemjaza Elieza mpaka miguu inagoma kumbeba.

Mkweo mtiifu katika yote isipokuwa umwagiliaji,
Nice (Mama Elieza)

N.B. Mama, barua nilikuwa nimeshaikunja, nikaingia ndani kutafuta bahasha. Niliporudi uani Elieza alikuwa amesimama. Ameushika mti kwa mikono miwili, pamoja na kile kijiti ulichouegemezea siku ulipoupanda. Ungekuwa mrefu nilivyotaka mimi, na majani yake yote, sijui angeshika wapi. Akaniona, akacheka, akauachia, akaja kwa miguu mpaka kwenye kanga yangu. Mkononi alikuwa na lile jani moja. Amenipa mimi.

Kwa hiyo usije kuuchukua, na neno lako usilifute. Kama mmoja akiwa vizuri na mwenzake yuko vizuri, basi mparachichi huu unaendelea vizuri sana, ingawa kwa macho hauonekani hivyo. Leo sijaumwagilia. Ndoo nimempa Mama Anjela aifiche.