Lenzi ya Kumpigia Mama Picha

Jumatatu, 8 Septemba. Sake.

Leo nimeamua. Nitashinda.

Kituo kimoja cha utamaduni huko Goma kinaandaa maonyesho ya picha za barabarani. Watu wakitembea, wakiuza, wakigombana, bila kupangwa wala kuambiwa wacheke. Picha kumi zitatundikwa ukutani. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa ya wiki ijayo. Darius naye anapeleka. Darius ana studio ng'ambo ya njia panda, mlango wa bluu, na utulivu wa mtu asiyewahi kukosea. Huo utulivu ndio unaonichosha.

Silaha yangu ni zumu, sabini kwa mia tatu. Lenzi ndefu. Ukiizungusha inamvuta mtu aliye mbali mpaka unamhesabu meno. Leo nilijificha nyuma ya magunia ya makaa ya Mama Muhawenimana, nikapiga picha mia moja na arobaini. Jioni nimezikagua. Migongo tisini. Masikio. Lori lililopita mbele ya kila tabasamu. Ng'ombe mmoja, safi kabisa, ananitazama.

Mama amenikumbusha tena picha yake. Tangu miguu ianze kuvimba hana neno jingine. Mwezi wa sita tulimzika jirani yetu, mzee Nzabonimpa. Picha hakuwa nayo, basi jamaa zake wakakuza ile ya kadi ya kura, nayo ndiyo ikatangulia jeneza mpaka makaburini. Sura ya kijivu, macho yamemtoka, kama amefumaniwa na kuku wa watu. Mama alirudi akasema yeye hatazikwa na sura ya karte ya kura. Ana mtoto fotografe, kwa nini azikwe hivyo? Kitenge chake amekwisha kukipiga pasi.

Nimemweleza kwamba zumu haifai kwa uso wa mtu mzima, inaufanya bapa. Asubiri nipate ufumbuzi. Amekubali.

Jumatano, 10 Septemba.

Zumu imenitia matatani. Nilikuwa juu ya ukuta wa depo ya bia, nimelala kifudifudi, nawavuta watu wanaopita kwenye kizuizi cha barabarani. Nikasikia mtu ananigonga kisigino. Mwenye bunduki. Akauliza, "Ile kintu iko nini?" Nikamweleza. Akaweka jicho, akatazama kilima, akatazama pua ya mwenzake, akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akataka kujua nilikuwa namhesabu nani, na kwa ajili ya nani.

Nilikaa kwenye jiwe tangu saa nne mpaka saa nane. Wakafuta picha zote. Hata ng'ombe.

Aliyekuja kuniombea ni Darius. Kati ya watu wote wa Sake! Aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, akauliza habari za mtoto wa fulani, halafu akanionyesha kwa kidevu: "Huyu haiko mutu mubaya. Iko mujinga tu." Wakaniachia papo hapo. Sijui kipi kimeniuma zaidi.

Njiani alinionyesha lenzi yake bila kuombwa. Fiksi, hamsini. Fupi, haivuti mbali wala karibu. Ukitaka uso uwe mkubwa, unasogea wewe mwenyewe, kwa hiyo lazima kwanza umsalimie mwenye uso. Yeye huuliza maharage yameotaje, ndipo anapiga. Sikuomba somo. Lakini ni kweli kwamba kitu kidogo vile hakimtishi mtu.

Jioni yote sikufanya kazi nyingine. Zumu au fiksi? Mama ameuliza kama nimepata ufumbuzi. Nimemwambia niko karibu.

Alhamisi, 11 Septemba.

Nimepata, na bila gharama. Jean-Claude, fotografe wa kule Pinga, ana fiksi imelala kabatini, kwa sababu harusi za kwao zinataka zumu. Tumepatana kwa simu: tubadilishane. Byamungu, dereva wa pikipiki, ameondoka asubuhi na zumu yangu, imeviringishwa ndani ya sweta, sweta ndani ya sufuria. Jumamosi atarudi na fiksi. Darius atashangaa.

Saa sita ndipo nilipong'amua kwamba sasa nina kamera isiyo na lenzi. Sanduku lenye tundu.

Na tangu saa nne Mama alikuwa ametoka na kitenge, amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya ukuta wa mawe, mikono juu ya magoti, tayari. Ikabidi nimwambie. Hakulaumu. Aliuliza tu kama Pinga ni mbali.

Dada yangu Emérence, aliyekuja kumsaidia Mama kufua, aliuliza kwa nini nisitumie simu. Nikamwambia mwanamume aliyeandika STUDIO GRÉGOIRE juu ya mlango wake hampigi mama yake picha kwa simu. Akaendelea kukamua shuka.

Jumamosi, 13 Septemba.

Byamungu hajafika. Tope baada ya kutoka Pinga, anasema kwenye simu, na daraja moja limeenda na maji.

Sikukaa bure. Nimekata tundu la mraba kwenye kartoni ya sabuni, ukubwa ule ambao fiksi inaona, nikazunguka nalo sokoni kujizoeza. Unalishika mbele ya jicho, unasogea mpaka uso wa mtu ujae. Hatua mbili kutoka kwake. Hapo anakuuliza una nini. Mwuza mihogo alinifukuza kwa kifuniko cha sufuria. Mama Muhawenimana aliwaeleza wenzake kwamba ni ukosefu wa mke, unawashika wengine hivyo. Wakanionea huruma, wakaacha kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: naogopa watu. Ninapomkaribia mtu, ulimi unakuwa mzito. Zumu ilikuwa inanificha. Miaka kumi nimekuwa nikisema ni suala la ufundi.

Jumatatu, 15 Septemba.

Jana Mama hakwenda misa. Pumzi inakatika. Muuguzi amempa vidonge, akasema alale miguu ikiwa juu ya mto. Papa, mumewe, hajaenda shambani siku mbili, na huu ndio wakati wa kupanda maharage. Anakaa mlangoni na jembe lake kana kwamba anasubiri mtu wa kumwambia aende.

Emérence amesema niende nikaazime lenzi ya Darius kwa dakika kumi. Dakika kumi tu, Grégoire. Nikamwuliza kama anajua anachosema. Niazime kwa Darius, aliyeniita mjinga mbele ya bunduki? Afadhali nisubiri. Byamungu amepiga simu, amevuka.

Mama alikuwa macho, alitusikia. Akasema tusigombane kwa ajili ya picha.

Jumanne, 16 Septemba.

Imefika! Saa tano kamili, ndani ya sufuria ileile. Ndogo kama kopo la maziwa. Nimeifunga, ikalia tik. Karibu niibusu.

Lenzi mpya haiwezi kuanzia kwa mzazi. Lazima ijaribiwe. Nikaenda njia panda. Nikavuka barabara. Nikamsalimia mwuza maparachichi, nikamwuliza maharage yake yameotaje. Akasema yeye hana shamba, lakini akacheka, na nikampiga akicheka. Halafu fundi wa viatu. Halafu wasichana wawili wanaosukana nywele chini ya mwavuli. Picha tatu nzuri. Sijawahi kupata picha tatu nzuri maishani mwangu. Nikasema moja tena. Nikasema moja tena.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mama alikuwa nje, kitenge, kilemba kimefungwa vizuri. Emérence anasema alitoka saa sita aliposikia Byamungu amepita. Alikuwa ameegemea ukuta. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima. Nikapima kwa jicho, nikamwambia mwanga umekwisha, hapa picha itatoka nyeusi. Kesho saa mbili asubuhi, mwanga wa saa mbili ni mzuri sana.

"Kesho iko sawa, mutoto wangu," akasema. "Ila unipige mbele ya kukunywa uji. Nikikula nachoka."

Tukamwingiza ndani, mimi mkono huu, Emérence mkono ule. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.

Hata hivyo leo ni siku njema. Picha tatu.

Jumatano, 17 Septemba.

Mama amekufa. Saa kumi na moja alfajiri.

Kamera ilikuwa mezani, betri imejaa.

Alhamisi, 18 Septemba.

Inatakiwa picha ya kutangulia jeneza. Nimefungua kompyuta asubuhi. Picha elfu nne na zaidi. Nimeozesha nusu ya Sake kwa kamera hii. Mama yumo mara mbili. Mkono wake ukipokea sahani, harusi ya Emérence. Na bega lake, siku hiyohiyo, kwa sababu nilimwambia asimame nyuma yangu asinizibie. Nimezitafuta tena kuanzia mwanzo. Ni mkono na bega.

Papa alitoa kadi ya kura ya Mama kutoka kwenye Biblia, akaiweka mezani.

Mashine yangu ya kuchapia haina wino. Nikavuka kwa Darius. Aliipokea kadi kwa mikono miwili. Alikaa nayo saa mbili, akipunguza kijivu, akilainisha kivuli cha pua, akijaribu kuyarudisha yale macho ndani. Kuna kadiri ambayo mtu anaweza.

Kisha akaniambia, bila kunitazama. Jumamosi, nikiwa sokoni na kartoni yangu, alipita kumwona Mama. Akamkuta nje amevaa. Akamwambia akae vizuri, ampige sasa hivi, picha ataileta jioni. Mama akakataa. Alimwambia, "Niko na mutoto wangu fotografe. Akisikia iko wewe ulinipiga, roho itamuuma." Akamshukuru, akamtuma anisalimie. Darius hakunifikishia salamu hizo kwa sababu aliona aibu.

Nikamweleza habari ya Jumanne, kwamba jua lilikuwa limezama. Sijui kwa nini nilimweleza. Nafikiri nilitaka aseme basi, usingeweza kufanya lolote. Akanivua kamera shingoni, akafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, akafunga dirisha. Studio ikawa giza la jioni. Akapiga ukuta wake. Kwenye picha kila msumari ulionekana, na kalenda, na tarehe kwenye kalenda. Fiksi inakunywa mwanga mwingi kuliko zumu, akasema taratibu, watu huinunua kwa ajili ya saa kama zile. Alidhani najua.

Nilikaa kwenye benchi la wateja wake nikalia. Mbele ya Darius. Akaenda akafunga mlango ili mtu asiingie, akakaa huko mlangoni amenipa mgongo mpaka nilipomaliza.

Ijumaa, 19 Septemba.

Tumemzika. Gaëlle, binti wa Emérence, miaka tisa, ndiye aliyebeba fremu mbele. Alitembea polepole kama alivyofundishwa, fremu imemfika kidevuni. Akina mama wa parokia waliimba vizuri. Njia panda nzima ilisimama: mwuza maparachichi, fundi wa viatu, hata wale wa kizuizini walivua kofia. Walitazama picha, halafu walinitazama mimi.

Ni sura ya karte. Darius alifanya yote aliyoweza, lakini ni sura ya karte. Mama alikuwa na sura nzuri sana alipokuwa anakuuliza kitu ambacho jibu lake analijua tayari. Sura hiyo hakuna mahali ilipo sasa isipokuwa kichwani mwangu, na mimi si mtu wa kutegemewa.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka picha Goma. Darius naye hakupeleka. Alikuwa amebeba jeneza, upande wa kushoto, mbele yangu.

Jumapili, 28 Septemba.

Papa amerudi kwenye maharage. Amechelewa, lakini mvua bado ipo.

Leo baada ya misa hakubadilisha nguo. Amevaa koti lake la harusi, akatoa kiti akakiweka mbele ya ukuta wa mawe, akaniita. Akasema nimpige picha. Peke yake. Leo. Hakueleza sababu na mimi sikuuliza, tulikuwa tunaijua wote wawili. Emérence alisimama jikoni ameshika mwiko, hasongi ugali, anangoja.

Nikachukua kamera. Nilikuwa tayari kabisa. Safari hii sitafanya uzembe. Nikamwangalia ndani ya fiksi kwa makini, kwa upendo, kama fotografe na kama mtoto. Na hapo nikaona kasoro. Hamsini, ukikaribia uso, inakuza pua kidogo. Na pua ya Papa haihitaji msaada.

Jean-Claude ameniambia juzi kwa simu: kwa nyuso, mabingwa wote wanatumia themanini na tano. Hiyo ndiyo lenzi. Zumu ilikuwa kosa, na hamsini pia ilikuwa kosa, nimeelewa sasa mambo yalikoharibikia. Kuna mwalimu mmoja kule Buleusa anayo themanini na tano, alirithi, hajui hata ni ya nini. Atakubali hamsini badala yake. Byamungu anapanda huko kesho alfajiri, na nimekwisha kumpelekea hamsini yangu, ndani ya sweta.

Nimemwambia Papa asubiri wiki mbili. Tatu, kama barabara ni mbaya. Emérence ameweka mwiko chini akatoka nje, sijui ana nini. Papa bado amekaa kwenye kiti, na koti lake. Afya yake ni nzuri.