Kitengo cha Simu Huru

Kampuni ya simu iliutangazia umma, kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia Jumatatu ile kila mteja angekuwa huru kununua simu huru, yaani simu inayopokea laini ya kampuni yoyote, mradi athibitishe kwamba hataweka laini ya kampuni nyingine.

Aliyetunga sentensi hiyo ni Mkuu wa Kitengo cha Simu Huru, na aliirudia mara tatu bila kuona kasoro. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alikuwa na cheo.

Saa nne kamili asubuhi Mkurugenzi angempigia kutoka makao makuu, mbele ya wanahabari watatu walioalikwa hapo Kitengoni, na Kitengo kingekuwa kimefunguliwa rasmi. Simu ya Mkuu, iliyofungwa kwa laini ya kampuni kama inavyompasa mtumishi mwaminifu, ililazwa juu ya kitambaa cheupe. Simu hiyo ikiita vizuri, angepandishwa kuwa meneja wa kanda.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, anayeitwa Mama Pindo, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Mwanangu, nipe hiyo simu huru. Binti yangu yuko hospitali ya mbali, leo ndiyo siku yake ya kujifungua. Kule laini yenu haishiki hata ukipanda juu ya paa, na simu mliyoniuzia inaikataa laini ya wenzenu."

"Pole, Mama, na hongera. Jaza Fomu ya Maombi ya Uhuru. Sababu unaiandika kwa mkono wako, unasaini, nagonga mhuri, tunaibandika ubaoni kila mtu aisome. Uhuru bila utaratibu ni fujo."

Mama Pindo akaandika: *Laini yenu haishiki.*

"Hiyo si sababu, Mama, huo ni uchochezi. Rudia."

Akavuta fomu nyingine, akaandika: *Naipenda rangi yake.*

Mkuu akagonga mhuri, pwaa! Sababu imekidhi vigezo. Ikabandikwa.

"Sasa simu itabaki hapa siku tisini, izoee."

"Izoee nini?"

"Uhuru."

"Makubwa! Na binti yangu azuie uchungu siku tisini?"

Mwanahabari mmoja akacheka. Mkuu akakumbuka kwamba kamera zinaona, akaisukuma simu upande wa pili wa kaunta kwa huruma ya ghafla. Mama Pindo akatoa kwenye pochi laini ya wenzao, akaiweka kwenye simu, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Saa nne kasoro dakika mbili Mkuu akaitazama simu yake. Mtandao hakuna. Akaipeleka dirishani. Hakuna. Akapanda juu ya kiti na viatu vyake. Hola! Maji yalikuwa yamezidi unga, na jasho lilimfika kwenye tai.

Simu ikaita. Ya Mama Pindo.

"Wa kike? Wote wazima? Jamani, nimekuwa bibi!" Akalia waziwazi, akijifuta machozi kwa ncha ya tepu. Wanahabari wakampigia makofi.

Saa nne na dakika sita Mkuu akateremka kwenye kiti.

"Hongera sana, Mama. Niazime mara moja tu nimpigie Mkurugenzi."

"Hata sasa hivi, mwanangu. Jaza fomu."

"Mama, tafadhali..."

"Uhuru bila utaratibu ni nini vile?"

Mkuu akaitazama saa ya ukutani, akachukua kalamu, akaandika: *Naipenda rangi yake.*

Mama Pindo akavaa miwani, akasoma polepole.

"Hiyo si sababu, mwanangu. Rudia."

Akarudia. Akasaini. Mhuri akaugonga mwenyewe, maana kwa mujibu wa kanuni hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Kisha akaibandika ubaoni, wanahabari wote watatu wakasogea na kamera zao: *Laini yetu haishiki.*