Ndege ya Baba Haiuzwi

Alhamisi, 12 Juni. Ukungu na manyunyu, baridi ya kuuma masikio.

Kaka ameleta mnunuzi wa ndege ya marehemu baba. Daktari wa meno! Alibonyeza viti kama anayechagua godoro. Kaka anasema familia yenye rubani mmoja haihitaji viti vinne. Rubani huyo ni mimi. Baba alinifundishia humo humo, na kofia yake bado imening'inia nyuma ya kiti. Nilitabasamu. Nikawapa chai.

Ijumaa, 13 Juni. Ukungu bado.

Kaka amesugua dashibodi ing'ae. Amefuta mwandiko wa baba kando ya kishikio cha hewa ya moto: "Kabla ya kupunguza mafuta, hewa ya moto kwanza!" Nilimwita mharibifu. Akaniuliza kama rubani mzima bado anahitaji kusomewa. Sihitaji!

Mpango tayari. Kesho nawarusha kwa majaribio. Huko juu nitapunguza mafuta polepole, injini ikohoe, daktari aingiwe na hofu, biashara ife. Kisha nitaongeza mafuta, turudi salama. Nimefanya mazoezi ya uso wa wasiwasi mbele ya kioo. Mama akauliza kama tumbo linaniuma.

Jumamosi, 14 Juni. Ukungu umeinuka, unyevu umebaki.

Nilipunguza mafuta. Injini ikakohoa vizuri mno. Daktari akang'ang'ania mlango. Kaka, aliyekaa kiti cha nyuma, akauliza kulikoni. Raha iliyoje!

Nikaongeza mafuta. Wapi! Nikaongeza tena. Injini ikanyamaza.

Hewa ya moto! Nilikuwa nimeisahau, na kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, imeganda barafu. Nikavuta kishikio, lakini injini iliyokufa haina joto la kumpa mtu. Uso wa wasiwasi ukaja wenyewe.

Kaka akaniita dada. Hajaniita hivyo tangu mazishi. Nikashusha pua ya ndege kulinda mwendo, kama baba alivyonizoeza, nikalenga shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa. Kishindo. Matuta. Tukasimama mbele ya mbuzi, naye akaendelea kutafuna.

Wote wazima. Kaka alilia. Nami pia. Ningeweza kuwaua.

Daktari akaizunguka ndege, akapapasa bawa. Halafu akasema ndege inayotua hivi bila injini haiachi, ng'o.

Jumapili, 15 Juni. Jua, hatimaye.

Kaka na daktari wamepeana mikono, ndege imeuzwa. Jioni nilikwenda kumwambia kaka ukweli. Nikamkuta amelala na viatu, kofia ya baba kifuani. Sikumwamsha.

Daktari ananiomba nimfundishe kuruka. Nimekubali haraka! Somo la kwanza, tukiwa juu, nitapunguza mafuta kidogo tu. Kwa hofu atamrudishia kaka ndege mwenyewe. Safari hii sisahau: nimejiandikia kwa kalamu kiganjani, "hewa ya moto kwanza."

Nimeosha vyombo vyote vya wageni, na masufuria. Mikono safi. Nalala, saa tano na robo usiku.