Mvule Unaokoroma

"Mvule wa kweli hukoroma," Mzee Khatib alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, yeye na mkewe, nyumbani kwao Konde.

Bi Time alikuwa amepiga magoti, sikio kalitega kwenye mguu wa kitanda. Ndani mna kitu kinasaga. Krr, krr. Kama kibogoyo anayetafuna bisi.

"Na unga huu chini, baba Suhail?"

"Poda. Mvule ni mti wa kisultani. Hujipaka poda kabla ya kulala."

Bi Time akaufagia unga, akautia kwenye kopo la maziwa pamoja na wa jana, akaenda kumimina chai.

Khatib alikuwa seremala. Kitanda kile alikichonga miaka mitatu nyuma, kile cha kamba cha harusi yao kilipokatika. Akatangaza toka Konde mpaka Wete kuwa mbao ni mvule, zimetoka Tanga, na bandarini watu walisimama kuzipisha kwa heshima. Mbao zenyewe zilikuwa mwembe. Rangi ya mvule ilikuwa dawa ya viatu, makopo mawili.

Siku ile ile, Alhamisi, baada ya adhuhuri, Bi Time akabanwa na kifua. Ijumaa wakamzika.

Nyumba ikanyamaza. Kitanda hakikunyamaza. Khatib alijilaza upande wake, wa pili mtupu, akasikiliza. Krr, krr. Asubuhi akaufagia unga mwenyewe, akautia kwenye kopo. Hakujua kwa nini.

Jambo moja tu lilimtuliza: mkewe alikwenda akiamini kuwa amelala juu ya mvule.

Siku ya arubaini ikasomwa khitma. Baraza ilijaa. Khatib, ambaye sifa hazikumwacha hata msibani, akakitoa kitanda nje ili Shehe Qais akikalie.

"Karibu, Shehe. Mvule huu. Hata tembo akikaa, haumuulizi jina lake."

Shehe Qais hakuwa tembo, lakini hakuwahi kukosa khitma yenye pilau. Akaketi. Ubao ukasema paa! Shehe akawa chini, kofia imemfunika jicho moja, juzuu kaishika juu isiguse vumbi.

Kwenye ubao uliovunjika akatoka mdudu. Mkubwa kama kidole gumba, vipapasio vyake virefu kuliko mwili. Akapanda kwenye kanzu ya Shehe taratibu, kama mgeni aliyealikwa.

Mzee Mbarouk wa Kiuyu akainama, akamtazama sana.

"Huyu wangu."

"Wako vipi?" Khatib akauliza.

"Ndiye aliyeniulia mwembe wangu. Ule niliokupa gogo lake ukafanye kuni, Fundi. Watu wa ukoo wake hawalali kwenye mvule."

"Labda kapotea njia."

"Katoka Kiuyu, kaipita Konde nzima, kaacha milango yote, kaja kupotea kitandani kwako?"

Watu wakacheka. Shehe naye akacheka, bado yuko chini. Khatib hakuwajali. Alikuwa anatazama pazia la mlangoni, upande wa wanawake.

"Chekeni," akasema. "Mimi namshukuru Mungu kitu kimoja. Bi Time hakuiona siku hii. Kaenda akijua ni mvule."

Nyuma ya pazia Bi Mwanakhamis, dada wa marehemu, akakohoa.

"Shemeji, lile kopo la unga akinionesha kila nikija. Mwezi kabla hajafa nikamwambia, dada, mbona humsuti mumeo? Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha kanambia hivi: 'Kitanda ni mwembe, najua. Urongo wake ndio mvule, mdudu hauwezi.'"