Sakafu ya Kumwonyesha Shangazi

Jumatatu, 3 Februari 2025. Shianda

Sakafu imemwagwa! Mimi mwenyewe na koleo langu. Fundi wa nini? Jumamosi Bi Zeituni, shangazi yake Nadia, anakuja kukagua nyumba. Akiridhika, posa yangu inapokelewa. Asiporidhika, basi. Kwao neno lake halipingwi.

Jioni jirani yangu Farouk akachungulia. Amesomea ujenzi chuo cha Sigalagala na hakuachi usahau. Akasema niimwagilie maji asubuhi na jioni, siku saba. Nikamuuliza, nataka ikauke, yeye anataka niiloweshe? Akadai simiti haigandi kwa kukauka. Inaungana na maji ndipo inakuwa jiwe. Maji yakitoroka mapema, kazi inakatikia njiani. Nikamwitikia kwa adabu. Wiki jana alimsalimia Nadia mara mbili. Najua anachotaka.

Jumanne, 4 Februari

Nimewasha majiko matatu ya makaa ndani, milango wazi. Nimeyaazima kwa mama, naye leo kasonga obusuma, ugali wetu, kwa kuni, akinung'unika. Kufikia alasiri sakafu ilikuwa nyeupe, kavu kabisa. Nina furaha siwezi kueleza.

Farouk kaja na ndoo mbili za maji, eti kunisaidia. Nikamfungia mlango. Akaenda kumwagilia sakafu ya choo chake kipya. Siku ya nne hii! Namhurumia.

Alhamisi, 6 Februari

Nyufa. Ndogo ndogo tu. Mama alifagia akatoa karai la vumbi. Akafagia tena, karai lingine. Nimemkataza kufagia. Vumbi limekwisha.

Jumamosi, 8 Februari

Bi Zeituni alifika saa tisa, buibui jeusi, salamu ndefu. Nikampa kiti cha plastiki. Alipoketi, mguu mmoja wa kiti ukazama sakafuni. Nikampa kingine. Nacho kikazama. Akasema aswali kwanza, nikamtandikia mkeka. Alipoinuka na kutembea hatua tatu, pindo la buibui lilikuwa la kijivu. Akachokonoa sakafu kwa kidole cha mguu, pakatokea shimo. Akauliza kama hapa ni pa kuishi au pa kupanda viazi. Nilitamani lile shimo linimeze.

Akaenda kwa Farouk kuomba maji ya kujipangusa. Nikamwona anakanyaga sakafu ya choo, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kisigino. Kisha akamuuliza Farouk kama ana mke.

Jumapili, 9 Februari

Nadia kapiga simu. Kalia. Kambembeleza shangazi hadi akakubali kurudi Ijumaa, mara ya mwisho. Halafu kaniomba, kwa jina la Mungu, nimsikilize Farouk.

Sawa. Mimi si mbishi. Maji ndiyo kila kitu, nimekubali. Ila nimemzidi Farouk akili. Yeye humwagilia baada ya kumwaga sakafu, wiki nzima. Mimi wiki sina. Kwa hivyo nimenunua mifuko mitano ya simiti, nikaifungua leo asubuhi, nikaijaza maji yote kabisa, inywe mapema ishibe. Jumanne naichanganya na mchanga, Ijumaa namkaribisha shangazi.

Nimetoka kuipapasa sasa hivi. Imepata joto na imeanza kukaza. Dalili nzuri.