Kamanda wa Ukoo Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi ukoo unachagua mwenyekiti. Safari hii ni mimi! Miaka tisa nimekuwa katibu. Naandika nani kachelewa, nani kasinzia, na hakuna anayesoma. Mpinzani ni mmoja tu, mtoto wa baba mdogo, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Hajawahi kufundisha hata paka.

Lakini nimepata silaha. Katika sanduku la marehemu baba nimekuta picha ya babu, ambaye alifariki kabla hatujazaliwa. Kasimama kifua mbele, koti la vifungo vya shaba, nishani nne. Kamanda! Na baba hakusema neno maisha yake yote. Unyenyekevu gani huu wa kuwanyima watoto sifa? Atakayeutangazia ukoo habari hii hakosi kiti.

Mke wangu kasema nimuulize shangazi, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai. Thubutu! Shangazi ukimuuliza hali, anaanza na mafua ya utotoni. Mimi ni mtafiti, nataka nyaraka.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya nyaraka. Karani kaninyang'anya kalamu mlangoni, kanipa penseli isiyo na ncha. Kaniuliza babu alikuwa kikosi gani. Nikasema kikubwa. Akanitazama sana.

Saa nne nzima nimepekua orodha za askari. Vumbi, chafya, babu hayumo. Kisha karani, bila kuombwa, akaleta daftari la leseni za biashara. Jina la babu lile lile, mtaa ule ule. Kazi: dobi.

Dobi! Nikamwambia daftari limekosea. Akasema daftari halina undugu na mtu. Ebo, mwanamke huyu!

Nilipofika njia panda ndipo akili ikanijia. Kamanda alijificha! Jasusi! Nani angemshuku dobi? Anaingia kila nyumba, anapekua kila mfuko. Nimeagiza bango: UKOO WA KAMANDA. Herufi nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Picha yangu ina mkunjo katikati ya pua ya babu. Mke wangu kasema shangazi ana nakala safi, ikabidi niende. Nani namkuta? Profesa! Kaketi mkekani anamkunjia shangazi nguo. Kujipendekeza kote huko kwa kura moja.

Shangazi alifurahi kuniona. Akaniambia nikae, anisimulie mambo ya koti lile. Nikamwambia shangazi, nina haraka, nikaitungua picha ukutani nikaondoka. Profesa kabaki anauliza maswali. Acha apoteze muda.

Jumamosi, 8 Machi

Lo! Heri ningeumwa tumbo nikabaki nyumbani.

Nilihutubia dakika arobaini, bango nyuma yangu. Nilipofika kwenye ujasusi, shangazi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Profesa, mnafiki mkubwa, akamsogezea kiti mbele na kumwomba awaeleze wote alichomweleza yeye juzi.

Koti lilikuwa la mkuu wa polisi. Lililetwa kufuliwa. Babu alikuwa amepeleka posa kwa kina bibi mara mbili, akakataliwa mara mbili. Basi akalivaa, akavuka barabara kwa mpiga picha, ili apeleke picha ukweni wamwone mtu. Anatoka mlangoni, uso kwa uso na mwenye koti! Akafungwa wiki mbili. Bibi akawa anampelekea chakula kila siku, na alipotoka wazazi wake wakasalimu amri. Shangazi akasema bila aibu ile, hakuna hata mmoja wetu angekuwa ukumbini pale.

Ukumbi mzima ukasimama. Watu wazima wanalia, wanapiga makofi, wanamshangilia dobi! Mimi nimebaki na bango langu kama mtu aliyekosea msiba.

Kura zote kwa Profesa, isipokuwa yangu. Mke wangu aliinua mikono miwili. Roho imeniuma, sifichi.

Wamenirudishia ukatibu na agizo juu yake: kila Jumapili nikae na shangazi, niandike yote anayokumbuka. Ana miaka tisini na mmoja, wakasema, na baada yake hakuna wa kuulizwa.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kapiga simu mara tatu tangu asubuhi. Anasema kaniwekea kiti dirishani, na leo anataka kuanza na baba yangu, alivyokuwa mtoto, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Nimemwambia wiki ijayo. Nina kazi.

Kweli ninayo! Ukoo wa mama hauna mwenyekiti, haujawahi kuwa naye. Na kwenye albamu yake nimeona mzee mmoja juu ya farasi. Farasi mweupe! Mtu hapandi farasi hivihivi. Jemadari huyo, kama si mfalme kabisa.

Simu inaita tena. Nimeizima. Utafiti unataka utulivu.